Mimba ya Kombaini

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yangu, Mogitu, simu sikioni, mguu mmoja hewani, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Sauti iliyokuwa inaongea ilikuwa ya Wolfgang.

Kwa wanaoanza kunisoma leo: mimi ni Tadeo, mzee wa miaka sitini na nane, fundi mstaafu wa mashine za kuvunia ngano. Sijaoa, na sababu ya kutooa ni huyo Wolfgang. Mwaka 1984 tulikuwa wote kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, yeye akiendesha kombaini, mimi nikiitengeneza kila alipoiharibu. Tulikaa chumba kimoja msimu mzima. Nilimpenda, naye akanipenda. Sisemi kwa kuzunguka kwa sababu kwa umri wangu kuzunguka kunaumiza magoti.

Mwaka uliofuata wazazi wake walimtafutia mchumba Dongobesh. Kwenye harusi nilikuwa besti. Pete nilishika mimi. Tangu siku hiyo yamenipata mengine mengi, paa kuezuliwa, redio kuibwa, mbuzi kula kitambulisho changu, na yote mmeyasoma.

Majina nimebadilisha isipokuwa la ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hasomi gazeti.

Najua kuna waliokasirika. Bwana mmoja wa Singida amemtumia mhariri ujumbe kwamba mzee wa umri wangu aandike wosia, si mapenzi. Bwana wa Singida, kama umenizidi umri, shikamoo. Wosia nitaandika. Ngoja nimalize hili kwanza.

"Tadeo," sauti ikasema.

"Nipo."

"Jumamosi nitakuja. Ni habari ya yule ng'ombe."

"Karibu," nikasema. Mtandao ukakatika, nami nikaanguka kutoka kichuguuni. Sikuumia. Hata kama ningeumia nisingejua.

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kwetu mtu akikupenda hakupi zawadi ukaila ikaisha. Anakuletea ng'ombe umtunzie. Maziwa ni yako, samadi ni yako, ndama mnagawana, lakini ng'ombe anabaki wake. Ni kamba, yeye ameshika huku na wewe umeshika kule. Siku akija kumchukua, kamba imefunguliwa. Hakuna ugomvi, mnaagana vizuri, ila hamna tena cha kuwaunganisha.

Wolfgang aliniletea mtamba mwekundu wiki mbili baada ya harusi yake, siku mbili kwa miguu kutoka Dongobesh. Tulimwita Kombaini kwa sababu alikula akienda mbele na nyuma hakubakiza kitu.

"Nitunzie," aliniambia. Hakusema kwa muda gani.

Na kuna sheria. Mwenye ng'ombe haendi kumwangalia ng'ombe wake bila kuitwa. Akija mwenyewe, bila kuitwa, basi amekuja kuchukua. Mtoto wa darasa la kwanza hapa kwetu angeielewa ile simu. Mimi niliielewa vizuri kabisa, nikaamua kufurahi.

Mtanisamehe. Katika miaka arobaini na moja nilikuwa nimepata kwake maneno mawili tu. Yalikuja mwaka ule mlima wetu ulipoteremsha matope Katesh. Namba yangu aliipata wapi, sijui. Ujumbe ulisema: "Uko hai?" Nikajibu: "Niko." Basi. Ule ujumbe ninao hadi leo, na simu ikijaa nafuta vitu vingine.

Sasa mtu wa namna hiyo anaambiwa Jumamosi mgeni anakuja. Mlitaka nilale?

Nilipaka mlango rangi ya bluu. Nilipoutazama nikaona unayaaibisha madirisha, nikapaka na madirisha. Nikaenda Katesh kununua shati jeupe dukani kwa Zulfa, akaniuliza ni la harusi ya nani.

"Ni la ng'ombe," nikamwambia.

"Na ng'ombe anavaa saizi gani, mzee wangu?" Zulfa akauliza, naye akacheka hadi akasahau kunirudishia chenji.

Dada yangu Genoveva alinikuta nafagia uwanja. Huyu dada ana miaka sabini na mitatu, ni mjane, tunakaa boma moja, yeye nyumba ya juu na mimi ya chini. Ni mwenyekiti wa jumuiya na hasemi uongo. Sisemi kwamba anajitahidi asiseme. Hajui unavyosemwa. Padri aliwahi kumuuliza nje ya kanisa, kwa adabu tu, kama mahubiri yalikuwa mazuri. Padri hajarudia kuuliza.

"Tadeo, askofu anakuja?"

"Mwenye ng'ombe anakuja, dada."

"Wolfgang?"

"Wolfgang."

"Umemwita?"

"Sikumwita."

Akaweka ndoo ya maziwa chini. "Sasa mtu anakuja kuchukua ng'ombe pekee tuliyebaki naye, na wewe unacheza?"

"Nafanya mazoezi ya viungo."

"Hayo mazoezi yana wimbo," akasema, akabeba ndoo yake akaondoka. Kichwa alikitikisa hadi mlangoni.

Ijumaa nikapaka piko. Maelekezo yalisema dakika ishirini. Mimi nilikaa nayo saa nzima, nikaona ikizidi itazidi kunikolea. Ilikolea. Nywele zilikuwa nyeusi, paji la uso jeusi, na sikio la kulia jeusi kuliko vyote. Dada alinisugua kwa limau na majivu. Paji lilikubali kusafika. Sikio lilikataa.

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu ikaingia uwanjani.

Aliyeshuka kwanza alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, raba nyeupe, miwani ya jua, ufunguo wa gari mkononi.

"Shikamoo baba. Mimi ni Brightness, mtoto wa Wolfgang."

"Marahaba mwanangu. Karibuni sana."

Mlango wa pili ukafunguka. Ikatoka fimbo. Ikatoka kofia. Akatoka yeye.

Wiki nzima nilikuwa naandaa maneno. Yalikuwa mazuri, mengine nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kalenda. Halikuja hata moja.

"Umezeeka," Wolfgang akasema.

"Na wewe je?"

Akavua kofia. Kipara. Kipara kitupu, kinang'aa kama sahani iliyooshwa. Yaani mimi nimeharibu sikio kwa ajili ya mtu asiye na hata unywele mmoja wa kujilinganisha nao.

"Sikio limefanyaje?" akauliza.

"Limezeeka kivyake."

Akacheka. Wasomaji wangu, kicheko kilikuwa kile kile cha Basotu, kinaanzia puani. Hicho hakikuwa kimezeeka hata kidogo.

Tukashikana mikono. Kwetu wazee wakishikana mikono hawaachiani haraka. Mnaulizana hali ya nyumba, ya watoto, ya mifugo, ya mvua, na mkono bado uko ndani ya mkono. Tuliulizana hadi mvua ya mwaka juzi. Tulipomaliza ya mwaka juzi, mimi nikaanza kuuliza ya mwaka uliotangulia.

"Baba, jua linapanda," Brightness akasema.

Dada akaleta chai barazani. Brightness alikunywa kidogo, akavua miwani, akaangalia kikombe.

"Shangazi, maziwa haya! Mazito hivi! Arusha tunakunywa ya pakiti."

"Kunywa mwanangu. Nimeyakamua leo asubuhi kwa mkono wangu," dada akasema, na shingo ikarefuka kwa majivuno. "Tuna ng'ombe mmoja tu, lakini huyo mmoja anawashinda watatu wa jirani."

Ninayaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Mkae nayo.

"Na ndiye tuliyemfuata," Brightness akasema. Hakusema kwa ubaya. Ni binti mwenye adabu, ila ana haraka ya mtu wa benki. "Baba anahamia kwangu Arusha. Nyumba ya Dongobesh tumeshaifunga. Amebaki ng'ombe tu. Tukimpakia sasa hivi, Babati tunamshusha kwa shemeji yangu, na jioni tunakuwa nyumbani."

"Leo leo?" nikauliza.

"Leo leo, baba."

"Na baba yako Arusha atafanya nini?"

"Atapumzika."

Wolfgang alikuwa anakitazama kikombe chake kama kuna kitu kimeangukia humo. Nami moyo wangu, ambao wiki nzima ulikuwa unaruka ruka kama mbuzi mdogo, ukakaa chini.

"Kabla hujafungua ng'ombe," nikamwambia, "kuna kitu cha kukabidhi. Njoo ndani."

Tukaingia, sisi wawili. Nikainua godoro langu. Chini yake kulikuwa na ngozi, nyekundu, ina baka jeupe begani.

Wolfgang akaitambua kabla sijaikunjua. "Kombaini," akasema.

"Mwenyewe. Alikufa ile mvua ya elinino. Aliyeko nje ni kitukuu, Kombaini wa Nne."

Hapa pana sheria nyingine. Ng'ombe wa kutunziwa akifa, mtunzaji anabeba ngozi anampelekea mwenyewe. Ndio ushahidi kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Unapokelewa, mnakaa, mnakunywa, habari ya ng'ombe huyo inakwisha kwa heshima.

"Miaka ishirini na nane," Wolfgang akasema, "umekalia ngozi yangu."

"Nimeilalia."

"Nilisikia amekufa, Tadeo. Habari zinafika. Nikamwambia mke wangu Helena, Mungu amweke mahali pema, nikamwambia wiki hii Tadeo atakuja na ngozi. Akatengeneza pombe."

"Wiki gani hiyo?"

"Wiki hiyo. Na iliyofuata. Ya tatu tukainywa wenyewe."

Nikakaa kitandani. "Ningeileta ungesema asante, na ingekuwa mwisho."

"Kulikuwa na ndama wake!"

"Niliogopa utamchukua ndama."

"Nimchukue nimpeleke wapi?"

"Sasa na wewe mbona hukuja?"

"Mwenye ng'ombe aende bila kuitwa?" Akanitazama kama nimemtukana. "Ungesema sikuamini."

"Nisingesema."

"Ungesema, Tadeo."

"Ningesema," nikakubali. "Lakini ningekupikia kwanza."

Hapo ndipo kicheko cha puani kikamtoka, na mimi nikamfuata, na hatukuweza kuacha. Tulicheka hadi akashika dirisha, rangi ikamwingia kiganjani, tukacheka na hilo pia. Kumbe! Miaka ishirini na nane mimi nasubiri aje na yeye anasubiri ngozi, na kati yetu ni mwendo wa gari wa nusu siku. Wenzetu wanatenganishwa na vita na magereza. Sisi tulitenganishwa na adabu, na kila mmoja alikuwa anajisifu moyoni kwamba amelelewa vizuri.

Sijui ni saa ngapi kicheko kiligeuka. Nilimwona anajifuta macho kwa kofia, nami nikatumia mkono wa shati jipya.

"Baba!" Brightness akaita nje. "Kamba ziko wapi?"

Wolfgang akaikunja ngozi. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka kwapani.

"Basi," akasema, akatoka.

Neno dogo hilo. Niwaambie kitu ambacho sikukisema katika wiki zote hizi, kwa sababu nilitaka mcheke. Kila jioni naosha vikombe viwili, na nimetumia kimoja. Nimefanya hivyo tangu nijenge hii nyumba. Upweke wangu haukuwa wa kulia, ulikuwa wa kuosha kikombe. Na ng'ombe yule alikuwa ndiye sababu yangu ya kikombe cha pili, kwa maana mwenye ng'ombe anaweza kuja siku yoyote. Akiondoka ng'ombe, kile kikombe ni cha nini?

Nikatoka mbio. Sijawahi kukimbia tangu nistaafu.

Brightness alikuwa amesimama zizini na kamba mkononi. Kombaini wa Nne alikuwa amesimama mbele yake, mnene, mviringo, tumbo limejaa mashudu ya alizeti ambayo nilimlisha wiki nzima ili aonekane ametunzwa. Wolfgang alikuwa kando na ngozi yake kwapani.

"Hasafiri," nikasema.

"Nani?"

"Ng'ombe. Hasafiri. Ana mimba."

Sijui ulikotoka ule uongo. Ng'ombe mwenyewe aligeuka akanitazama.

"Mimba ya muda gani?" Brightness akauliza.

"Kubwa."

"Kubwa kiasi gani, baba?"

"Sana."

Akaishusha kamba. Ng'ombe mwenye mimba kubwa hapandishwi garini. Kwetu hata mwizi analijua hilo, anamwacha. Lakini Brightness hakuwa mjinga. Alilitazama lile tumbo, akanitazama mimi, akalitazama sikio langu.

"Baba," akamwambia Wolfgang, "wewe unajua ng'ombe. Hebu mwangalie."

Nikajua nimekwisha. Ukweli ni huu: huyu Kombaini ameonana na dume mwaka jana, akazaa mwezi wa tatu, na ndama wake saa hiyo alikuwa malishoni pamoja na ng'ombe wa jirani yetu Akonaay. Tumboni hamkuwa na kitu zaidi ya alizeti. Na Wolfgang amekua nyuma ya ng'ombe tangu ajue kutembea. Unaweza kumdanganya Wolfgang kwa barua, kwa simu, hata kwa piko. Kwa ng'ombe huwezi.

Alimpa Brightness ngozi amshikie. Akaenda upande wa kulia wa ng'ombe. Akainama, kwanza akatazama kiwele, ambacho kilikuwa kimenywea kwa sababu kilikamuliwa alfajiri. Alikitazama muda wa kutosha. Kisha akakunja ngumi, akaisukuma chini ya ubavu, polepole, akaiacha pale, kama wanavyofanya wazee wetu, kusubiri ndama arudishe teke.

Tukasubiri. Nzi mmoja alitua kwenye kipara chake, hakumfukuza.

Hakuna teke. Litoke wapi?

Akasukuma tena. Akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa ng'ombe upande wa pili, na nilikuwa naomba, na sikujua naomba nini. Mtu anaombaje Mungu aweke ndama pasipo na ndama, dakika hiyo hiyo, mchana kweupe?

Wolfgang akafumbua macho. Akanitazama juu ya mgongo wa ng'ombe. Alitazama shati, akatazama sikio, akatazama mlango wangu wa bluu kule nyuma.

"Wiki tatu," akasema.



"Labda nne," akaongeza. "Huyu anaonekana mvivu."

Wasomaji wangu! Niliwahi kushinda jogoo kwenye bahati nasibu ya parokia, nikadhani hiyo ndiyo furaha. Ile haikuwa kitu. Mtu aliyenijia bila kuitwa, aliyesema basi, aliyekunja ngozi pembe kwa pembe, alikuwa amesimama kwenye zizi langu anasema uongo mbele ya mtoto wake kwa uso wa shahidi wa mahakamani. Nilitaka kumbusu. Nikambusu ng'ombe.

"Sasa itakuwaje?" Brightness akauliza.

"Itakuwa mwenye ng'ombe anasubiri ng'ombe wake azae," Wolfgang akasema. "Nitakaa hapa."

"Wiki nne, baba?"

"Na ndama mchanga naye hasafiri," akasema, anautazama mlima.

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate nguvu."

"Na mwaka huu," nikadakia, "ndama wengi wanachelewa kupata nguvu."

Wolfgang alikohoa kwa nguvu. Nilijua kinachokuja puani, nikatazama chini nisimwone.

Brightness alipanda juu ya kichuguu changu, akampigia mume wake simu, akaeleza, akasikiliza, akashuka. Alimtazama baba yake kwa muda. Nadhani alikuwa hajamwona amesimama wima hivyo siku nyingi.

"Haya," akasema. "Si nitakuja tu akishazaa. Begi lako nalishusha."

Akalishusha begi. Begi dogo, la kahawia, akaliegemeza kwenye mlango wangu. Rangi ilikuwa bado mbichi, begi likapata mstari wa bluu, na mstari ule ulinipendeza kuliko picha yoyote.

Ndipo dada Genoveva akatoka jikoni na chupa ya chai. Hakuwa amesikia lolote. Wakati wote huo alikuwa anakatakata kuku.

"Huondoki na koo kavu mwanangu," akamwambia Brightness. "Kimoja cha safari."

Akammiminia. Brightness akapokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akatabasamu. Akanywa la pili. La tatu halikufika mdomoni.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Ulisema mna ng'ombe mmoja tu."

"Mmoja tu," dada akasema kwa furaha.

Brightness akakitazama kikombe. Akamtazama Kombaini. "Mimi nimekulia Dongobesh. Nimekamua kila siku kabla ya kwenda shule mpaka nilipoanza sekondari. Ng'ombe wa kuzaa wiki tatu zijazo hana maziwa, anakuwa ameshakauka." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu wa benki anayekurudishia karatasi uliyoijaza vibaya. "Baba amesema huyu atazaa wiki tatu. Wewe umemkamua leo asubuhi. Sasa hii chai, shangazi, ni ya maziwa ya ng'ombe yupi?"



Dada alinitazama. Alilitazama shati jeupe, na sikio alilolisugua jana yake mpaka mikono ikamuuma. Akaliona begi mlangoni. Akaiona ngozi ambayo Brightness bado alikuwa ameishika. Kisha akautazama mgongo wa Kombaini, na hapo juu, sikuwa nimegundua, mkono wangu ulikuwa upande huu na mkono wa Wolfgang upande ule, na katikati vidole vyetu vilikuwa vimekutana, na hakuna aliyekumbuka kuondoa chake.

Miaka arobaini na moja dada yangu hakuwahi kuniuliza kwa nini sikuoa. Sasa aliyekuwa anaulizwa ni yeye.

Nilimwona anaelewa. Ilimchukua muda, kama mtu anayesoma barua bila miwani, lakini alifika mwisho wa barua. Akafunga kifuniko cha chupa polepole. Akajifuta mikono kwenye kanga. Akafanya ishara ya msalaba, ndogo sana, kifuani, ya mtu anayetangulia kuomba msamaha.

"Nimekosea, mwanangu," dada Genoveva akasema. "Uzee huu. Huyu wetu amekauka siku nyingi. Hayo maziwa ni ya Akonaay, jirani."

Uongo wake wa kwanza katika miaka sabini na mitatu, na ameutoa kwa ajili yangu. Nilitaka kumwangukia nilie kama mtoto, na nilikuwa nimeshaanza kwenda.

"Hodi hapa!"

Sauti ilitoka getini. Alikuwa Akonaay mwenyewe, jasho linamtoka, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na ndama mwekundu mwenye baka jeupe begani.

"Genoveva! Tadeo! Mshikeni ndama wenu, amenishinda. Amelia tangu asubuhi, hataki nyasi, anataka kunyonya tu!"

Ndama akamwona mama yake, na kamba ikamponyoka Akonaay.